Mgongo na sindano: ahadi zipunguzwe

Makala ninayoyajibu hapa, yanayodai kwamba sindano huponya maumivu ya mgongo, yanachanganya akyupancha na sindano kavu, tiba mbili za kuchoma mwili kwa sindano nyembamba zisizo na dawa, kana kwamba ni tiba moja, ilhali ya kwanza hufuata mapito ya nguvu yanayotajwa katika tiba ya Kichina, na ya pili hulenga fundo la msuli uliokaza, ambalo mtaalamu hulipapasa kwa kidole kabla ya kulichoma hadi msuli ushtuke. Dai kwamba sindano “huponya” mgongo limezidi kipimo. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, ukihusisha wagonjwa 1,162, waliopata nafuu kwa akyupancha halisi walikuwa asilimia 47.6, kwa sindano za kuigiza, zilizochomwa juujuu nje ya sehemu rasmi za akyupancha, asilimia 44.2, na kwa matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Nafuu ipo, basi, ila mahali sindano inapoingia hapaonekani kuwa na uzito ule tunaousoma kwenye matangazo ya kliniki hapa Nairobi. Anayekwenda ahakikishe pakiti ya sindano inafunguliwa mbele yake, wala asiache mazoezi. Mwenye ganzi sehemu za siri, au anayeshindwa kuzuia mkojo, afike hospitalini siku hiyo hiyo, sindano zisubiri.