Tetesi za madereva wa langalanga zinabebeshwa makosa ya timu

Tarehe 4 Juni 2024 timu ya Red Bull ilitangaza kwamba dereva wake Sergio Pérez ameongezewa mkataba wa miaka miwili. Tarehe 18 Desemba, mwaka huo huo, ikatangaza kwamba anaondoka. Katikati hapo wapenzi wa mbio za langalanga walikuwa na habari za aina mbili: taarifa rasmi, iliyosema Pérez yupo hadi 2026, na tetesi, zilizosema safari yake imefika ukingoni. Aliyeshika taarifa rasmi ndiye aliyepotea njia.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila msimu ukifika katikati lawama zile zile hurudi. Uvumi kuhusu nani atamrithi nani unawavuruga madereva, tunaambiwa, na unageuza mchezo wa kasi na ufundi kuwa umbea. Lawama hizo zina ukweli wake, nao nitaugusa. Lakini kwa sehemu kubwa zimeelekezwa kusiko.

Formula One, yaani langalanga, haina dirisha la usajili kama soka. Dereva anaweza kupewa gari au kunyang'anywa wiki yoyote ya mwaka. Mikataba inawasilishwa kwenye bodi maalumu ya kuitambua, lakini umma hauisomi. Vipengele vya kuvunja mkataba vinajulikana na pande mbili na mawakili wao basi. Ndiyo maana Lewis Hamilton aliweza kutangazwa na Mercedes mwishoni mwa Agosti 2023 kuwa atabaki hadi 2025, kisha tarehe 1 Februari 2024 akatangazwa kuwa anahamia Ferrari msimu unaofuata. Ndiyo maana pia timu ya Alpine, Agosti 2022, ilimtangaza Oscar Piastri kuwa dereva wake, naye akajitokeza mwenyewe saa chache baadaye kusema hajasaini kitu. Mwezi mmoja baadaye bodi ile iliamua kwamba mkataba halali ni ule aliosaini na timu nyingine, McLaren. Katika mazingira ya namna hii, kumwambia shabiki asubiri taarifa rasmi ni kumtuma kwenye chanzo ambacho kimemwangusha mara nyingi.

Turudi kwa Pérez, maana hesabu zake zinastahili kukaliwa. Hadi kufikia Monaco, mbio ya 8 ya msimu wa 2024, alikuwa na pointi 107. Siku 9 baadaye akapewa mkataba. Katika mbio 16 zilizobaki aliambulia pointi 45. Kutoka wastani wa zaidi ya 13 kwa kila mbio hadi chini ya 3, na hayo yote baada ya kuhakikishiwa ajira. Siku 5 tu baada ya kutangazwa alikuwa Montreal, ameharibu gari na kutoka mbioni.

Wanaosema uvumi ndio unaomvunja dereva wana kibarua kigumu hapa. Kama tatizo lilikuwa wasiwasi wa kazi, saini ilipaswa kuwa dawa. Haikuwa. Ni kweli gari la Red Bull lilishuka kiwango msimu ule. Hata mwenzake Max Verstappen alikaa mbio 10 bila ushindi, kutoka Hispania hadi Brazil. Lakini Verstappen alimaliza na pointi 437 na ubingwa wa dunia, na Pérez akamaliza wa 8 na pointi 152, katika timu moja.

Kinachouma zaidi ni upande wa ubingwa wa timu, unaojumlisha pointi za madereva wawili wa kila timu. McLaren ilimaliza na pointi 666, Ferrari 652, Red Bull 589. Pengo na bingwa ni pointi 77. Nafasi ya sita inalipa pointi 8. Kama Pérez angekuwa wa sita tu katika kila moja ya mbio zile 16, angekusanya 128 badala ya 45, na Red Bull ingelizidi pengo hilo, hata kabla ya kuhesabu pointi ambazo angewapunguzia wapinzani. Hakuna aliyemtaka ampite Verstappen. Nafasi ya sita, kwa timu iliyokuwa bingwa mwaka uliotangulia! Na fedha za zawadi hugawanywa kwa kufuata msimamo wa timu, hivyo kila ngazi inayoporomoka ina mamilioni ya dola ndani yake. Mwandishi aliyeketi na jedwali lile mwezi Septemba na kuandika kwamba kiti cha Pérez kinayumba hakuhitaji mtu wa kumnong'oneza. Alihesabu. Hesabu za namna hiyo nazo tunaziita tetesi, tukaziweka kapu moja na uzushi.

Kiti hicho hicho kina historia yake. Pierre Gasly alikaa nacho mbio 12 mwaka 2019. Liam Lawson alikipata kwa msimu wa 2025, akakipoteza baada ya mbio 2. Yuki Tsunoda aliyempokea naye akakosa nafasi ya 2026, ikaenda kwa Isack Hadjar. Anayeuliza nani anafuata anasoma mwenendo ambao timu yenyewe imeuandika.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wa tetesi hulisahau, nalo ni kuaga. Septemba 2024 huko Singapore kila mtu alihisi kwamba Daniel Ricciardo, mshindi wa Grand Prix 8, anaendesha gari la RB, timu dada ya Red Bull, kwa mara ya mwisho. Timu ilikaa kimya. Mwishoni mwa mbio aliingia kufungiwa tairi mpya laini, akatoka na kuweka mzunguko wa kasi kuliko wote, halafu akamaliza wa 18. Gari liliposimama alibaki ndani yake kwa muda mrefu, kofia kichwani. Mashabiki wakampigia kura kuwa Dereva wa Siku. Tangazo rasmi lilikuja siku 4 baadaye, watu wameshatawanyika. Kama tungengoja taarifa rasmi, Ricciardo angeondoka kwenye mchezo aliouchangamsha kwa zaidi ya miaka kumi bila hata mtu kusimama kumpungia mkono. Waliompa heshima ile ni watu waliosoma tetesi na kuziamini.

Sasa upande wa pili, ambao una jina la Jack Doohan. Alianza msimu wa 2025 na Alpine akiwa na umri wa miaka 22 na mbio 1 tu nyuma yake. Hata kabla msimu haujaanza, mwezi Januari, timu ilikuwa imemleta Franco Colapinto kama dereva wa akiba, na kuanzia hapo swali lilikuwa ni lini, si kama. Alipopata ajali kwenye mazoezi ya Suzuka, Japani, ajali ambayo kwa dereva mwingine mchanga ingehesabiwa kuwa somo, kwake ilihesabiwa kuwa ushahidi. Baada ya mbio 6 akawekwa kando. Na Colapinto? Naye alimaliza msimu bila pointi hata moja. Kijana alitolewa kafara na hakuna kilichopatikana. Siwezi kuandika kwamba maswali ya kila wikendi hayakumlemea.

Lakini moto ule uliwashwa na nani? Aliyemsajili mrithi kabla mwenye kiti hajakikalia si mwandishi wa habari. Ni timu.

Wapo pia wanaopanda habari kwa faida yao: wakala anayetaka kupandisha bei ya dereva wake, timu inayotaka kuishusha. Na zipo habari ambazo ni majina yaliyochanganywa tu ili watu wabofye. Hizo sina utetezi nazo. Bado hata tetesi isiyotimia si lazima iwe uongo. Mwaka 2025 ilisemwa kwamba Verstappen atakwenda Mercedes, na hakwenda. Ila aliyethibitisha kwamba mazungumzo yapo alikuwa George Russell, dereva wa Mercedes mwenyewe, alipozungumza huko Austria mwezi Juni. Habari ilikuwa ya kweli. Dili ndilo halikufungwa. Na Russell, akiwa bado hajatangaziwa mkataba mpya, alishinda Singapore tarehe 5 Oktoba. Timu ilimthibitisha siku 10 baadaye.

Kama timu zinataka uvumi upungue, dawa iko mikononi mwao na haihitaji kufichua mshahara wa mtu. Zinapotangaza dereva, zitaje mambo mawili: mkataba unaisha mwaka gani, na kama una kipengele kinachoruhusu upande wowote kuuvunja kabla ya hapo. Pérez angetangazwa Juni 2024 kwa masharti yanayojulikana. Doohan angeingia mbio ya kwanza akijua, pamoja na sisi sote, ana mbio ngapi za kujithibitisha.