Mlango wa Fundi na Mraba wa Malevich

Jioni moja barazani, katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kijana anayejifunza uchoraji alimfunulia fundi wa milango picha yake mpya: michirizi ya buluu na nyekundu, basi. Mzee akaigeuza huku na huku, kisha akauliza, "Mwanangu, hiki ni nini?" Kijana akajibu kwamba si kitu, ni rangi tu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, ilhali mgongo wake umeegemea mwimo wa mlango uliojaa maduara, mawimbi na majani ambayo hayajapata kuota katika shamba lolote.

Husemwa kwamba sanaa ya kisasa ilivunja ahadi ya kuiga maumbile, lakini ni nadra kuulizwa ahadi hiyo iliwekwa na nani. Iliwekwa Ulaya. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kumdharau mchoraji wa kitanda kwa kuwa huiga kile ambacho seremala naye amekiiga, na bado wachoraji wa huko walishindana kwa karne nyingi kuifanya picha ionekane kama dirisha, mpaka kamera ilipotangazwa Paris mwaka 1839 na kuwa mshindani asiyechoka. Mwaka 1907 mchoraji Picasso, baada ya kuzitazama barakoa za Kiafrika katika makumbusho ya Trocadéro huko Paris, alizivunjavunja nyuso za wanawake katika picha yake iitwayo Wasichana wa Avignon. Mwaka 1915 mchoraji Malevich alionyesha huko Urusi mraba mweusi aliouchora, akautundika juu pembeni mwa chumba, mahali ambapo nyumba za Warusi huweka picha takatifu.

Mafundi wa nakshi wa pwani hii hawakuwa na ahadi hiyo ya kuvunja. Walichonga katika miji ya Kiislamu iliyojiepusha na sanamu za viumbe, na hata samaki akiingia mlangoni huwa ameshageuka mpangilio wa magamba. Kwa hiyo yule mzee hakuwa na haki ya kucheka, angalau si kwa sababu picha haifanani na kitu.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba mlango na mraba ni ndugu. Mlango huagizwa na mwenye nyumba, hubeba hadhi yake, na majirani huusoma kila wapitapo; hata wanapobishana kama mnyororo uliochongwa ukingoni ni ulinzi au ni kumbukumbu ya utumwa, wanabishana juu ya mlango wanaoujua ni wa nani. Mraba wa Malevich haukuwa na nyumba wala jirani, na mchoraji alilazimika kuandika kijitabu cha kuitetea sanaa yake. Kwangu mimi, mpasuko mzito zaidi uko hapo, kati ya mtendaji na mtazamaji, kuliko kati ya picha na maumbile.

Mzee, alipokwisha kucheka, aliuliza swali la pili, ambalo kijana hakulijibu: "Na ikitoka hapa, itakaa wapi?"