Sahani mbili, si nne

Kabla hamjanitumia picha nyingine ya biriani, nisikilizeni na mimi. Rafiki yangu anayewapelekea watu chakula alikaa uwanjani Mkunguni jana baada ya Isha, kikombe cha kahawa mkononi, akaimwaga habari yote. Kwake yeye niliagiza sahani nne. Zilikuwa mbili. Mengine aliyosema ni kweli, na ndiyo maana nimeona bora niyaseme kwa mdomo wangu.

Tovuti ya shangazi ya kuagizia chakula niliitengeneza mimi, mnajua. Na Mfungo Mosi huu harusi zimeandamana hapa Lamu mpaka wapishi hawalali. Kila mtu akifungua menyu, tovuti inakwenda kwenye hifadhidata kuuliza bei ya sambusa ileile iliyoulizwa sekunde iliyopita. Wakiingia watu 30 kwa pamoja, unaagiza, unakunywa chai, unaosha kikombe, ukurasa bado unazunguka.

Nikaweka programu iitwayo Memcached. Mmarekani mmoja, Brad Fitzpatrick, aliitengeneza mwaka 2003 kwa sababu tovuti yake, LiveJournal, ilikuwa ikizidiwa na umati. Yangu ilizidiwa na watu 30, lakini dhiki ni dhiki. Kazi yake ni ile ya muuza kahawa: harudi nyumbani kuchemsha kila anapoombwa kikombe, dele iko mkononi, ina moto, anamimina tu. Kitu kikitolewa kwenye hifadhidata mara moja, kinawekwa kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, kinapewa ufunguo, yaani jina la kukiitia, na wanaofuata wanapewa hichohicho papo hapo.

Bei za shangazi hazibadiliki ovyo, kwa hivyo nikaiambia itunze menyu siku 60. Sekunde 5,184,000, nimezipiga hesabu mwenyewe. Haikushika kitu! Nikakesha. Kumbe ukiipa namba inayopita siku 30, haihesabu tena kuanzia leo, inaichukua kuwa tarehe, kwa sekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970. Siku zangu 60 zikawa 2 Machi 1970. Menyu ilikuwa imechacha kabla mamangu hajaolewa. Kwa hasira nikaandika sifuri, ambayo maana yake ni kaa tu, huna muda wa kuisha.

Tovuti ikaruka kwa kasi. Tamaa ikanishika, nikautia humo na ukurasa wa Oda Yangu, na ufunguo wake nikauita "oda". Oda, basi. Si oda ya mteja huyu wala yule. (Nyinyi wa kazi hii mshashika vichwa. Wengine subirini.)

Siku hiyo nilikuwa nimefunga. Yaani ilisemekana nimefunga. Mama mkwe amekuja harusini kutoka Pate, asubuhi akaniona nakataa chai kwa sababu tumbo lilinivuruga, akajua niko kwenye sita, zile funga za siku sita za Mfungo Mosi. Akanisifu mbele ya wanawake wote wa nyumba. Sita ni sunna, ningesema tu sikufunga na hakuna ambaye angenilaumu. Nikainamisha macho kama walii.

Saa sita na nusu tumbo likapona.

Nikaagiza. Na nilipofungua Oda Yangu kuhakikisha, ndiye mimi mtu wa kwanza kuufungua ukurasa ule tangu niubadilishe.

Sasa nitazameni. Niko ghalani, nimechutama baina ya gunia la mchele na ndoo ya mafuta. Sahani ya kwanza imekwisha, ya pili iko nusu. Nasikia, "Mwanangu! Njoo unisomee, mato yangu hayaoni." Nameza bila kutafuna. Nafuta mdomo kwa kanzu. Natoka kwa mwendo wa mtu mwenye swaumu, taratibu, mkono ukutani. Mama mkwe ananipa simu. Anataka kujua visheti vyake vya harusi vitafika saa ngapi.

Natazama skrini. Jina langu. Natazama tena. Jina langu na la baba yangu.

Nikasoma, "Visheti... kilo mbili... vitafika alasiri, inshallah." Sauti ilikuwa nzuri, naapa. Ingepita. Lakini shemeji yangu mdogo, wa gredi ya nne, alikuwa amechungulia chini ya kwapa langu, na mtoto yule hujifunza kusoma kwa kila kitu, hata paketi za sabuni.

"Bi-ri-a-ni ya nya-ma."

Ukumbi ukanyamaza.

"Sa-ha-ni m-bi-li." (Mmesikia? Mbili.)

"Soma, babu," mama mkwe akamwambia, hajaniondolea macho. Kumbe yanaona. Yanaona punje ya mchele iliyonasa kwenye ndevu.

"Ma-e-le-zo. Mje m-la-ngo wa nyu-ma. M-si-bi-she ho-di. Ma-ma m-kwe yu-ko u-ku-mbi-ni."

Mtoto akainua uso, anangoja kupigiwa makofi.

Na huko mjini kila aliyefungua Oda Yangu alikuwa akisoma hayohayo. Wenye harusi wa Shela walimpigia shangazi wakilia, pilau ya watu 200 imekuwaje biriani sahani mbili, na huyo mama mkwe ni wa nani? Nikakimbia chumbani, nikaongeza namba ya mteja kwenye ufunguo, nikaizima Memcached na kuiwasha upya. Ikishazimwa haikumbuki kitu, na hapo ndipo nilipoipenda. Wateja wote wakarudi kwenye hifadhidata kwa mpigo, tovuti ikajikongoja kidogo, ikatulia. Shangazi hajanisemesha. Wewe wa Malindi unayecheka, nimekuona.

Magharibi sikutoka chumbani. Adhana ikaisha, nikasikia mlango wa nyuma ukilia. Shemeji mdogo huyo, na sinia kichwani: tende tatu, maji, biriani sahani mbili. Akaweka chini, akaniangalia, akaondoka. Hakubisha hodi.