Tiketi ya kwenda kuchapwa
Kinachoniudhi si kushindwa, kwa maana tumeshazoea, bali ni kuongezewa bei ya tiketi za msimu kila mwaka ili tuitazame timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo chetu hapa Marekani ikichapwa, huku kocha akirudia wimbo uleule kwamba bado anajenga kikosi. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi la alumini, baridi ikinipenya mapajani, hadi robo ya nne, tukiwa nyuma kwa pointi 38. Ukilalamika, unakumbushwa timu ya Chuo Kikuu cha Prairie View A&M ya Texas, iliyopoteza mechi 80 mfululizo kati ya 1989 na 1998, eti hiyo ndiyo faraja. Sisi hatujafika huko, lakini kocha wetu bado anajenga.