Presha Kubwa kwa Gramu Hamsini

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anayeishi Ujerumani anaruhusiwa kuotesha bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe: mimea mitatu kwa wakati mmoja, basi. Mavuno yakishakauka, anaruhusiwa kukaa nayo ndani yasiyozidi gramu 50. Kinachozidi kinapaswa kuharibiwa. Hawezi kukiuza, na hawezi hata kumgawia shemeji yake bure.

Nimeanza na hesabu hizo kwa makusudi. Kila ninapokaa na vijana wetu wa hapa Berlin wakaanza kuzungumzia kilimo cha hewani cha presha kubwa, hesabu hizo ndizo za kwanza kusahaulika. Mazungumzo huwa ya pampu, nozeli na mikroni. Mmoja anaonyesha video, mwingine keshaagiza tangi. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtu mwenye mimea mitatu chumbani, mtambo huu ni kujitwisha mzigo usiobebeka bila sababu. Na bangi yenyewe sina ugomvi hapa, sheria imeshasema. Ugomvi wangu ni na mtambo.

Kwa asiyeujua, unafanya kazi hivi. Mmea haukai kwenye udongo wala majini. Shina linashikiliwa kwenye kifuniko cha sanduku, majani yako juu kwenye taa, mizizi inaning'inia chini gizani. Pampu inasukuma maji yaliyochanganywa na mbolea mpaka presha ya bar 5 hadi 7, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo, na kuyaweka kwenye tangi la presha. Taima inafungua vali ya umeme kwa sekunde chache tu. Maji yanapita kwenye nozeli yenye kitundu chembamba mno na kutoka kama ukungu, matone ya mikroni 50 hivi au chini ya hapo (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Vali inafunga. Dakika chache baadaye inafungua tena, na mchezo huo unaendelea usiku na mchana. Mizizi inapata maji na oksijeni kwa pamoja, inaota vinyweleo vingi vyeupe, laini kabisa. Ni kitu cha kupendeza kukitazama, sikatai. Ile mitambo ya bei poa inayorusha maji kwa pampu ya kuzamisha ndooni ni jambo jingine. Matone yake ni makubwa, mizizi inalowana tu.

Sifa inayotangazwa ni ukuaji wa haraka na mavuno mengi. Haya, tuseme yote ni kweli. Mmea mmoja wa bangi uliotunzwa vizuri kwenye ndoo ya udongo, chini ya taa nzuri ya LED, unaweza kufikisha gramu 50 kavu peke yake na kuvuka. Wewe unayo mitatu. Maana yake hata kwa udongo wa dukani tayari uko kwenye ukingo wa sheria, halafu unatafuta teknolojia ya kukusukuma mbele zaidi! Hayo mavuno ya ziada utayapeleka wapi? Ukishika zaidi ya gramu 60 nyumbani, jambo limetoka kwenye faini na kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mtu ananunua pampu, tangi, vali, vichujio na nozeli, analipia na umeme wa Ujerumani ambao si wa kuchezea, ili azalishe kitu ambacho anatakiwa kukiangamiza kwa mikono yake.

Walioko Kanada wataniambia kwao si hivyo, na wana haki. Kule bangi iliruhusiwa tarehe 17 Oktoba 2018, sheria ya taifa inatoa mimea minne kwa kila nyumba, na haikuweka kikomo cha kiasi unachohifadhi ndani. Isipokuwa Quebec, ambako kuotesha nyumbani kumekatazwa, na Mahakama ya Juu ya Kanada ililiacha katazo hilo lisimame mwaka 2023. Basi hoja yangu ya gramu haimgusi mtu wa Toronto. Zilizobaki zinamgusa vilevile.

Ya kwanza ni kwamba mizizi iliyo hewani haina akiba. Udongo ukisahauliwa siku mbili unakusamehe. Hata haidroponiki ya kawaida, yaani kilimo cha majini, mizizi ikiwa imezama ndooni, inakupa muda. Hapa, pampu ikifa, taima ikikwama au nozeli ikiziba, una saa chache tu, na chini ya taa zenye joto ni pungufu ya hapo. Watu hujifariji na tangi la presha, kwamba umeme ukikatika kuna maji yaliyohifadhiwa. Ni kweli yapo, lakini vali nyingi zinazouzwa ni za aina inayojifunga umeme ukikosekana. Maji yatabaki ndani ya tangi, presha ikiwa kamili, na mmea unanyauka pembeni yake. Inabidi uongeze betri kwa ajili ya vali. Kisha kengele ya kukuamsha. Kisha pampu ya akiba. Hapo ndipo ninapouliza, huyu ana mimea mitatu au ana wagonjwa watatu mahututi?

Na Desemba utakwenda nyumbani, wiki tatu Moshi au Kisumu. Nani atautazama? Sheria inataka mimea ilindwe isifikiwe na watu wengine, hasa watoto, kwa hiyo kumwachia jirani ufunguo si jambo la kuchukulia kirahisi. Tena jirani mwenyewe angepaswa kujua kupima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, na kuzibua nozeli.

Nozeli ndiyo habari yenyewe. Maji ya bomba ya Berlin ni magumu, yamejaa chokaa. Kila mwenye birika la umeme hapa analijua lile ganda jeupe. Sasa pitisha maji hayo, pamoja na chumvi za mbolea, kwenye kitundu ambacho huwezi hata kukiona vizuri. Utaongeza mtambo wa kuchuja chumvi. Utaongeza chujio kabla ya pampu na jingine baada yake. Bado vipande vya mizizi vitakatika na kuingia kwenye maji yanayorudi, kama umechagua kuyarudisha. Jumamosi yako itakuwa ya kuloweka nozeli kwenye siki.

Halafu kuna kelele. Pampu hizi ndogo za presha ni zile za kwenye mitambo ya kusafishia maji ya kunywa, zinagonga zikiwa kazini. Kwenye jengo la kupanga la Berlin, ambako kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi watu wanadai kimya kama haki yao, kugonga huko unakusikia wewe, na bibi wa upande wa pili wa ukuta anakusikia pia. Tangi kubwa hupunguza idadi ya mara ambazo pampu inawaka, lakini haliifanyi pampu iwe bubu.

Wauzaji wanapenda kutaja NASA. Ni kweli, mwaka 1997 miche ya maharage ilioteshwa kwa ukungu kwenye kituo cha anga cha Mir. Lakini angani kila lita ya maji ina gharama ya kurushwa, na udongo ni balaa pasipo uzito. Mtu wa ghorofa ya tatu mtaa wa Neukölln, hapa Berlin, hana tatizo hata moja kati ya hayo.

Mahali ambapo kilimo cha hewani kimenikaa moyoni ni kwetu, kwenye viazi. Tigoni kule Limuru, na Uyole, Mbeya, watafiti wamekitumia kuzalisha mbegu za viazi mviringo, wakishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima, Peru. Kule sababu ipo. Mkulima wa viazi anauawa na mnyauko bakteria, ugonjwa unaokaa kwenye udongo na kusafiri ndani ya mbegu. Ukiitoa mbegu kwenye udongo kabisa, umeukata mguu wake. Tena mizizi ikiwa hewani, unafungua sanduku, unachuma viazi vidogo vilivyofikia ukubwa unaotakiwa, unafunga, unarudi tena baada ya muda. Mmea mmoja unatoa makumi ya viazi vya mbegu, badala ya vile vichache vya njia ya kawaida ya kwenye vyungu. Hapo pampu ya akiba ina maana, jenereta ina maana, na fundi wa kulala palepale ana maana, kwa sababu kila kiazi kinachotoka kitazaa vingine shambani kwa misimu kadhaa. Hakuna anayemwambia mtafiti wa Uyole aharibu kinachozidi.

Na kwa msomaji aliyeko Dar au Nairobi aliyefika hapa akidhani anapata maelekezo: kuotesha bangi kwetu ni jinai, kwa sheria ya Kenya ya 1994 na ya Tanzania ya 2015, iwe kwa ukungu au kwa jembe.

Kwa aliye Berlin na anataka mimea yake mitatu, udongo mzuri, vyungu vitatu, taa moja na feni vinatosha, na usiku atalala. Ambaye kinachomvutia ni mtambo wenyewe, fundi wa asili anayetaka kuona ukungu ukitoka kwenye nozeli, simzuii; hobi ni hobi. Ila aoteshe kitu ambacho mavuno yake mengi ni neema. Mimi ningeweka mchicha, maana kuupata mbichi hapa Berlin ni shida, na nikiwagawia ghorofa nzima hakuna wa kuja kunipimia.