Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukitaja sheria ya Ubelgiji ya 2002 inayomruhusu daktari kumsaidia mgonjwa asiyepona afe, watu hucheka kwanza: mambo ya wazungu hayo. Kisha inatajwa amri ya tano, usiue, na maneno yanaishia pale. Mimi naona tunacheka mapema mno.

Shangazi yangu alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Daktari alituita koridoni, baba wakubwa wawili na mimi, akasema hakuna tena cha kufanya. Tukarudi ndani tukamwambia ni maambukizo, yatapoa. Alikuwa anamenya chungwa. Akatutazama mmoja mmoja: "Sasa mmeamua nini?" Tukanyamaza. Dripu ziliendelea wiki tatu, nusu ya kiwanja cha Kadutu ikauzwa kuzilipia.

Watetezi wa sheria ile wanadai hilo hasa: kuulizwa. Ubelgiji mgonjwa mwenyewe ndiye anayeomba, kwa maandishi, na daktari wa pili lazima amwone. Ndugu hawaombi kwa niaba yake. Oregon, Marekani, tangu 1997, aliyebakiza miezi sita huandikiwa dawa ya kukatisha uhai na kuinywa kwa mkono wake. Karibu theluthi ya wanaoandikiwa hawainywi. Baadhi ugonjwa huwatangulia, sawa. Lakini kuna ambao dawa iko kabatini na wao wanaendelea kunywa chai yao. Hesabu hii nimeizungusha kichwani miezi mingi. Anayekimbilia kifo hangeacha chupa ikae na vumbi. Na sababu wanayoitaja zaidi si maumivu, ni kutotaka kuamuliwa kila kitu.

Wapinzani wana hoja moja inayoninyima usingizi, nayo ni fatura ya hospitali. Hapa kwetu bibi anaweza kuomba kufa ili wajukuu wasikose karo, tukaliita hilo hiari yake. Tena dawa ya maumivu yenyewe iko wapi? Tume ya jarida la tiba la Lancet ilionyesha 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini hupata tani 0.1. Kwa hiyo sheria hiyo ikiletwa Bukavu kesho, sitaiunga mkono.

Ila kumuuliza mgonjwa kama anataka dripu nyingine hakuhitaji bunge la Kinshasa. Hata Papa Pius XII alisema 1957 kwamba mgonjwa halazimiki kukubali matibabu yaliyopita kiasi. Kitanda cha shangazi kilikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama na daktari.