Njia za hifadhi ya Amani zipumzishwe wakati wa masika?

Mgeni ametoka Tanga mjini, kapita Muheza, kapanda mpaka Zigi, kwenye geti la hifadhi, halafu anaambiwa njia ya kwenye maporomoko haipitiki hadi mvua zikatike. Hawezi kufurahi. Nauli keshalipa, msitu ni mali ya umma, na mvua aliijua tangu anatoka nyumbani. Ndiyo maana pendekezo la kufunga baadhi ya njia za miguu za Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kati ya Machi na Mei, huonekana kwa wengi kuwa uchoyo wa wahifadhi. Nadhani linaeleweka vibaya, na chanzo ni kudhani kwamba kinachokingwa ni miti.

Kinachokingwa ni udongo. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huja masika. Udongo mwekundu wa Usambara Mashariki umeoshwa na mvua kwa muda mrefu sana, hivyo rutuba yake iko kwenye tabaka jembamba la juu, lile la majani yaliyooza na vizizi. Tabaka hilo likikanyagwa limelowa, hushindiliwa, na maji ya mvua hayazami tena bali hutiririka juu. Njia iliyochongwa kushuka mlima moja kwa moja hugeuka mfereji ndani ya misimu michache.

Tupige hesabu ndogo. Chukua kipande cha njia chenye urefu wa mita 200 na upana wa mita moja. Kikichimbika sentimita 10 tu, kina ambacho mtembeaji hata hakitambui, zimeondoka mita za ujazo 20 za udongo. Hizo ni karibu tipa tatu za mita za ujazo saba kila moja. Zimekwenda wapi? Njia nyingi zinazopendwa huishia kwenye kijito, kwa kuwa mgeni anataka kuona maji, kwa hiyo tope halina mahali pa kutuama njiani. Vijito humwaga Mto Zigi, Zigi hujaza bwawa la Mabayani, na maji ya Mabayani ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Tope likizidi, mtambo wa kusafisha maji unahitaji shabu zaidi, na linalotuama bwawani hula nafasi ya maji. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi ya mazingira, ya zaidi ya shilingi bilioni 53 mwaka 2024 ili kupanua huduma yake. Fedha nyingi kiasi hicho zinategemea mto ambao chanzo chake kiko milimani huku.

Ni kweli kwamba tope la njia za wageni ni dogo ukililinganisha na la mashamba ya miteremkoni au la wachimbaji wa dhahabu wanaovuruga kingo za mito. Wanaopinga kufunga husema hivyo, na hawakosei. Lakini mkulima wa Kihuhwi anayeombwa aache mita kadhaa za shamba lake kandokando ya mto ana haki ya kuuliza kwa nini matembezi ya burudani, ndani ya hifadhi yenyewe, yaachwe yachimbe mitaro hadi majini.

Kuna hasara ya pili, isiyosemwa sana. Watu wakikuta tope hulikwepa pembeni. Njia ya mita moja inakuwa mita tatu, miche ya pembeni inakufa, mwanga unaingia. Hapo ndipo panapoota Clidemia hirta, kichaka chenye majani ya manyoya na vitunda vya buluu iliyokoza, mmea wa kigeni. Mbegu zake ni ndogo sana, na husafiri ndani ya ndege na kwenye tope la viatu. Msizi nao, mti ulioletwa kupandwa na ambao hondohondo husambaza mbegu zake, hupenda penye mwanga. Na pale kwenye miamba yenye unyevu karibu na maporomoko, panapoota Saintpaulia, ua lililopelekwa Ulaya kutoka Tanga mwaka 1892, mguu mmoja ulioteleza unatosha kubandua zulia zima la kuvumwani pamoja na ua lenyewe.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ya mgeni aliyeudhika. Mwongozaji hulipwa kwa safari. Miezi mitatu bila wageni ni miezi mitatu bila ada ya shule. Masika ndipo vyura wanapolia, na wapo wageni wanaokuja kwa ajili hiyo hasa. Tena njia nyingine ni za wanakijiji, za kwenda zahanati na shuleni, kabla hazijawa za watalii. Hizo zisiguswe kabisa.

Kwa hiyo kipimo kisiwe tarehe. Kiwe ardhi. Alama ya kiatu ikizama zaidi ya sentimita mbili na kubaki na maji, njia hiyo ipumzike hadi siku mbili zipite bila mvua kubwa. Bustani ya mimea, barabara ya Zigi kwenda Amani na barabara za mashamba ya chai zibaki wazi, kwa sababu zinahimili. Zinazofungwa ni zile za mteremko mkali na za kando ya vijito.

Waongozaji nao walipwe kutengeneza njia, na kazi kubwa ifanyike Februari. Makingamaji, yaani vizuizi vya mawe au magogo vinavyotoa maji njiani, yawekwe kwa mshazari, kama nyuzi 45 kutoka kwenye mwelekeo wa njia. Yakiwekwa kwa kukata njia moja kwa moja, maji hutuama, hujaza mchanga na kupita juu. Mteremko wa asilimia 10 unahitaji kingamaji kila mita 20 hadi 25. Wa asilimia 20, kila mita 12 hivi. Jiwe lizikwe theluthi mbili, la sivyo maji hupita chini yake na kulibwaga. Mdomo wa mtaro uelekee kwenye majani makavu, kamwe usielekee kijitoni. Magogo ya msizi yako mengi na yanashawishi, ila mti huo huoza upesi. Mawe ni mazito kubeba lakini yanadumu. Masika ikianza, mtu mmoja mwenye jembe apite kila wiki kutoa majani yaliyoziba, kwa kuwa kingamaji lililoziba ni sawa na kutokuwepo.

Pesa za kazi hiyo zitoke kwenye kiingilio, na sehemu yake iandikwe wazi kwenye ubao wa Zigi. Taarifa ya njia zilizofungwa itolewe Muheza, stendi, ambako mgeni bado anaweza kuchagua njia nyingine au kurudi wiki ijayo. Isisubiri getini, baada ya barabara yote ile ya milimani.